Funika mfano kabla hujaanza asaimenti

Mwaka wa kwanza chuoni nilikuwa fundi wa kumaliza asaimenti. Nafungua sura, naruka hadi maswali ya mwisho, kisha narudi nyuma kutafuta mfano unaofanana na swali. Nikiupata, nabadilisha namba tu, kazi imekwisha. Daftari lilijaa vema. Kwenye mtihani likaja swali la aina ile ile, nikakodoa macho nisijue pa kuanzia.

Siku hizi mfano wa kitabuni nausoma mara moja, naufunika kwa karatasi, halafu naufanya upya mwenyewe. Nikikwama mstari wa tatu, nafunua mstari wa tatu tu. Inachosha, sikatai. Ila nikimaliza, maswali matano ya kwanza huwa mepesi.

Kuna jaribio la Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, la mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, walioongoza ni wale waliojilazimisha kukumbuka bila kuangalia maandishi. Na mitihani, kama ujuavyo, haiji baada ya dakika 5.

Majibu ya nyuma ya kitabu nayo yana utamu wake na sumu yake. Somo la takwimu lilitupa sampuli ya namba nne: 4, 6, 8 na 10, tutafute varianzi, yaani kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika. Wastani ni 7. Ukitoa wastani kwenye kila namba na kuzidisha tofauti kwa yenyewe, unapata 9, 1, 1 na 9, jumla 20. Nikagawa kwa 4, nikapata 5. Nyuma ya kitabu: 6.67. Zamani ningefuta 5, nikaandika 6.67, nikalala. Safari hii niling'ang'ana karibu nusu saa hadi nikaona kwamba 20 ukigawa kwa 3 ndiyo hiyo 6.67. Kwa nini 3? Nikarudi kwenye sura. Kumbe namba za sampuli huwa karibu zaidi na wastani wao wenyewe kuliko na wastani halisi wa kundi zima zilikotoka, kwa hiyo mtawanyiko unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Ndipo unapunguza 1 kwenye kigawanyo kufidia. Aya hiyo nilikuwa nimeiruka mara mbili!

Mengine ni madogo. Anza siku ile ile kazi inapotolewa, hata kwa dakika 20, upate muda wa kuuliza. Ukienda kudurusu na wenzako, nenda ukiwa umeshajaribu, la sivyo utarudi na mwandiko wa mtu.

Na swali likikushinda, usiliache wazi. Onyesha ulipofika na kilichokukwamisha. Mhadhiri mmoja alinipa nusu ya alama kwa hesabu ambayo sikuimaliza, akazungushia duara mstari niliopotelea.