Tasnifu ya uzamili: anza kabla darasa halijavunjika

Nyinyi mnaoanza uzamili hapa Mombasa, masomo ya darasani mtayamaliza. Kuna ratiba, mhadhiri na mtihani, na wenzako wako pembeni. Wengi hukwama mwaka wa pili, kila mtu akisharudi bandarini, benki au shuleni kwake, na tasnifu haina wa kuiulizia.

Kwa hivyo saka mada tangu muhula wa kwanza. Insha za kila kozi zielekeze huko huko: ya mbinu za utafiti iwe rasimu ya sura ya tatu, ya nadharia iingie kwenye mapitio ya maandishi. Swali nalo lipunguze. Athari za reli ya kisasa ya SGR kwa uchumi wa Pwani ni kazi ya taasisi nzima. Lakini mama lishe wa Changamwe waliotegemea madereva wa malori, wamefanyaje tangu treni za mizigo zianze 2018? Hilo mtu mmoja analiweza.

Vibali ndivyo vinavyokula muda kuliko kuandika. Pendekezo likipita idarani huenda kamati ya maadili, kisha unaomba mtandaoni leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ukiipata, bado: masharti yake yanataka umjulishe Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na Gavana kabla hujamhoji mtu wa kwanza. Usikubali kushawishiwa uanze na wachache tu huku ukisubiri; data ya kabla ya kibali yaweza kukataliwa yote. Muda huo andika mapitio, na uiweke hojaji katika Kiswahili wanachosema watu utakaowaendea.

Halafu itazame kalenda ya mji huu. Ukiwatafiti wavuvi, wakati wa kaskazi bahari imetulia na wao wako kazini. Kusi inapochafua maji katikati ya mwaka, wengi huwa pwani na wana nafasi ya kuzungumza. Soko la Kongowea usiende alfajiri, mizigo ikishushwa nani akujibu? Ramadhani, mahojiano marefu ya mchana ni kuwaonea waliofunga.

Sampuli pia ina maswali yake. Fomula ya Yamane ya kupata idadi ya watu wa kuhoji, kwa kiwango cha kosa cha asilimia 5, itakupa 200 kati ya watu 400, lakini wahakiki watauliza hao 400 umewatoa wapi. Pata orodha ya kweli, kama ya wanachama wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya wavuvi unaowatafiti, na uitaje.

Msimamizi ana wanafunzi wengi, usingoje akutafute. Mpelekee sura moja moja, ukimweleza kwa ufupi ulichorekebisha.

Na hojaji zilizojazwa, hata zilizochakaa, usitupe mpaka shahada iwe mkononi. Jedwali lako likitiliwa shaka siku ya utetezi, ndizo utakazorudi kuzihesabu.