Maganda yanatoka na tumbo: je, rivolva hii imechokonolewa na fundi?

SWALI

Fundi, salaam. Mimi ni Mkenya, naishi Houston mwaka wa sita sasa. Mwezi uliopita nilinunua rivolva ya Smith & Wesson kwa mzee mmoja jirani aliyekuwa anahama. Mtutu ni mfupi, kama inchi mbili na nusu, na yote inang'aa nikeli utadhani kijiko cha harusi. Akaniambia ni ya risasi za .38 Special na haijaguswa na fundi tangu kiwandani. Nimeipeleka uwanja wa shabaha, ikalia vizuri tu, ila maganda yanatoka na tumbo, na kati ya kumi na mawili, mawili yamepasuka ubavuni. Kwenye mtutu maandishi yanaanza ".38 S&" halafu yanaishia hewani. Kuna kitaji kidogo na maneno NOT ENGLISH MAKE. Namba ya kitakoni inaanza na V. Nimekutumia picha. Imechokonolewa? Nawezaje kujua mwenyewe, na je, niendelee kuipiga?

JIBU

Ndugu yangu, usiipige tena kwanza. Fungua silinda, ile ngoma inayobeba risasi, toa kila kilichomo, hakiki chemba zote sita, yaani matundu ya risasi, kwa macho na kwa kidole, kisha iweke mezani tuiangalie pamoja. Risasi ziache chumba kingine.

Ndiyo, imechokonolewa, tena si mahali pamoja. Simlaumu mzee, huenda naye aliuziwa kwa maneno hayohayo miaka arobaini iliyopita.

Tuanze na hiyo V. Mwaka 1942 Smith & Wesson walifikisha namba milioni moja kwenye rivolva zao za fremu ya wastani, wakaanza kuhesabu upya kwa kutanguliza V, na bastola zikaitwa Victory. Kiwandani Springfield, Massachusetts, zilitoka za aina mbili. Za majeshi ya Marekani zilikuwa na mtutu wa inchi 4 na zilikula .38 Special. Za Waingereza na wenzao wa Jumuiya ya Madola, ambazo ukijumlisha na zilizotangulia V zilipita nusu milioni, nyingi zilikuwa na mtutu wa inchi 5 na zilikula risasi nyingine kabisa: fupi, na nene kidogo. Mwingereza aliiita .38/200, Mmarekani anaiita .38 S&W. Majina yanakaribiana kama Hassan na Hassani, lakini hawa si mtu mmoja, na hapo ndipo mkasa wako ulipoanzia.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Uingereza ilibaki na shehena ya bastola isizozihitaji. Marekani ilikuwa na wanunuzi, lakini wanunuzi wenyewe walitaka .38 Special iliyojaa kila duka. Basi kabla ya kuuzwa, nyingi zilichongwa chemba ziingize risasi ndefu, zikakatwa mtutu, zikapigwa nikeli. Kampuni za Uingereza, Parker-Hale na Cogswell & Harrison zikiwemo, zilifanya biashara hiyo na kuna bastola zinazobeba chapa zao. Nyingine zilipitia kwa mafundi wasioandika jina popote. Yako, kwa picha ulizonitumia, ni ya hao wasio na jina.

Sasa ichukue picha yako ya tatu uikuze. Karibu na fremu, chini ya kitaji, kuna herufi ndogo ambazo nadhani hukuzitilia maanani: .38 .767" 3½ TONS. Hiyo ni hati ya kuzaliwa. Sheria ya Uingereza ilitaka silaha ipimwe kwa risasi ya nguvu kubwa kabla ya kuuzwa raiani, na mpimaji akagonga alichokipima. Ile .767 ni urefu wa ganda kwa inchi, yaani milimita 19.5. Ganda la .38 Special lina inchi 1.155, milimita 29.3. Kwa hiyo siku bastola yako inapimwa ilikuwa na chemba fupi. Ikiwa leo inameza ganda refu, kuna mtu aliingia humo baadaye na chombo cha kuchonga, na kipimo kile hakiihusu tena kazi yake. NOT ENGLISH MAKE yenyewe haina siri. Ni alama iliyogongwa kwenye silaha za kigeni zilizopimwa Uingereza.

Kuona kwa macho yako, washa tochi ya simu ulenge ndani ya chemba moja kutokea nyuma. Chemba isiyoguswa ina ukingo mmoja, kama ngazi, karibu sentimita mbili kutoka nyuma, pale ganda linapoishia. Ganda la .38 Special likiingizwa humo linagota na kubaki nje kama sentimita moja. Jaribu kwa ganda jipya tupu, lisilo na baruti wala fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda. Kwako litazama lote. Angalia tena: utaona pete mbili. Moja hafifu palepale kwenye sentimita mbili, nyingine kali zaidi mbele, karibu sentimita tatu. Ile hafifu ndipo chemba ya zamani, pana, inapokutana na ile mpya, nyembamba.

Hapo sasa tumbo la maganda yako linajieleza lenyewe. Ganda la .38 S&W lina unene wa inchi .386 hivi, la .38 Special .379. Fundi anaweza kuongeza urefu wa chemba, lakini hawezi kurudisha chuma kilichokwisha ondoka, hivyo sehemu ya nyuma inabaki pana. Baruti inapowaka, shaba ya ganda inavimba hadi ikutane na ukuta wa chemba. Kwenye theluthi mbili za nyuma ukuta uko mbali. Theluthi ya mbele uko karibu. Lisimamishe ganda lako mezani: chini nene, juu limebanwa, kama kibuyu. Shaba iliyochoka hainyumbuki kiasi hicho, inapasuka, na gesi ya moto inatafuta njia ya kurudi nyuma, upande uliko mkono wako.

Mimi mwenyewe hili lilinitia aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini mteja aliniletea maganda ya namna hii nikaamua kwamba ni risasi mbovu. Nikamrudishia muuzaji boksi zima nikigombana naye. Akachukua kalipa, chombo cha kupimia unene, akapima ganda moja nyuma na mbele, akanionyesha namba bila kusema neno. Tangu siku hiyo sipokei rivolva ya mtumba bila kuomba maganda yaliyopigwa nayo.

Hilo la chemba ndilo zito. Mengine nitayapitia, maana ulitaka kujua namna ya kukagua.

Mtutu. Maandishi ya kiwandani huwekwa katikati ya urefu wa mtutu. Yakikatika au yakisogea upande mmoja, mtutu umekatwa. Yako yamekatwa mchana kweupe. Geuza uangalie chini yake: rivolva za aina hii kutoka kiwandani zina kinundu kinachoushika mwisho wa kijiti cha kutolea maganda ili silinda ifungwe mbele na nyuma. Hata zile fupi za inchi 2 walizotengeneza wenyewe zinacho, kwa sababu kijiti chake kilifupishwa kwa mpango. Msumeno wa fundi wako ulipita nyuma ya kinundu, kikaenda na kipande kilichotupwa. Silinda yako sasa imeshikwa nyuma tu. Halafu kilengeo cha mbele: cha kiwandani kilichongwa kutoka chuma kilekile cha mtutu, hakina mshono. Chako kina mstari mwembamba wa rangi ya fedha pale chini. Kimelehemiwa.

Namba nazo zisomwe zote. Ya kitakoni inapaswa kurudiwa chini ya mtutu, kwenye uso wa nyuma wa silinda, na ndani ya kibao cha mpini cha kulia. Zisipolingana, kuna kiungo kilichotoka bastola nyingine. Ukikuta namba ya kitakoni imesagwa na kung'arishwa hadi haisomeki, usiishie kwa fundi, tafuta mwanasheria. Sheria ya shirikisho ya Marekani haina mzaha na namba iliyofutwa. Yako inasomeka. Kile kitundu kilichozibwa kitakoni kilikuwa cha pete ya kamba ya askari.

Nikeli ndiyo inayowadanganya wengi. Ukinunua gari la mtumba kutoka Japani, fundi wa bodi haangalii rangi ya boneti, anaangalia mpira wa mlango kama umerukiwa na rangi. Huku ni vilevile. Victory zilitoka zikiwa na rangi nyeusi isiyong'aa, ya kivita. Hakuna askari aliyepewa bastola ya kumulika kama kioo. Hata kwa Smith & Wesson za wakati wa amani, nyundo na kifyatulio viliachwa na madoa yake ya rangi ya chuma kilichoiva motoni, hata bastola ikiwa ya nikeli. Ukiviona vimechovywa pamoja na mwili mzima, ujue imechovywa nje ya kiwanda. Angalia pia bamba la ubavu wa kulia. Kiwandani mshono wake ulikaa vizuri kiasi cha kuupoteza ukiinamisha bastola. Aliyeing'arisha yako alikuwa na mkono mzito: kingo zimeviringika, mshono unaonekana kutoka mbali, na matundu ya skrubu yamekuwa kama visahani. Vichwa vya skrubu vimetafunwa, dalili ya bisibisi ya nyumbani. Fundi aliyefunzwa anachonga bisibisi imkae skrubu.

Ndani ya mashine sikuona, hivyo hapo utanisaidia. Ikiwa tupu kabisa, koki nyundo, ondoa kidole kwenye kifyatulio, halafu isukume nyundo mbele kwa dole gumba, kwa nguvu ya kawaida. Ikianguka, kuna mtu alisugua vikato vyake kutafuta wepesi akapitiliza. Bastola hiyo haifai kukokiwa na mtu. Kisha tazama skrubu ndogo iliyo mbele ya mpini, chini, vidole vinapolala. Inatakiwa iwe imekazwa mpaka mwisho. Wanaopenda kifyatulio laini huilegeza au kuikata ncha, spring inapungua nguvu, na siku moja nyundo inagonga fataki bila kuiwasha. Pitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya silinda na mtutu, inchi .004 hadi .010 sina neno, zaidi ya hapo nitataka kuiona mwenyewe.

Jambo moja ambalo si kosa la fundi yeyote: namba yako ni V, si SV. Mwishoni mwa vita baharia mmoja wa Marekani aliuawa na Victory iliyoanguka sitahani ikajifyatua. Kiwanda kikabuni kizuizi kipya cha nyundo, na zilizotoka nacho zikapewa SV. Yako ilitangulia. Kwa hiyo hata kama ingekuwa haijaguswa ningekwambia usiiweke na risasi chini ya nyundo.

Uipige au usiipige? Wapo Wamarekani wengi wanaozipiga hizi kwa .38 Special nyepesi na kutupa maganda yaliyopasuka kama maganda ya njugu. Sikubaliani nao. Risasi ya .38 Special imeruhusiwa shinikizo la psi (paundi kwa inchi ya mraba) 17,000, ile ya asili 14,500, na zile zenye alama ya +P hufika 20,000. Hizo za +P ziondoe hata nyumbani, mtu asije akazipachika. Tena mtutu wako ulichongwa kwa kichwa cha risasi cha inchi .361, wakati cha .38 Special ni .358, kinapwaya, na ndiyo sababu shabaha yako hukuieleza kwa majivuno. Ukiwa na hamu kweli ya kuipiga, tafuta fundi aliye karibu nawe, amimine chemba kwa ile metali inayoyeyuka kwa moto mdogo, apime, aangalie na kufuli ya silinda. Akiridhika, mwulize kuhusu .38 S&W yenyewe. Ni ghali na si kila duka wanayo, lakini sehemu ya nyuma ya chemba bado ni saizi yake.

Kuirudisha kama ilivyokuwa, sahau. Utahitaji silinda nyingine na mtutu mwingine, na gharama itapita bei ya Victory nzima isiyoguswa.

Kwa jirani yako nenda bila hasira. Usimpelekee bastola. Mpelekee ganda moja lililopigwa na moja jipya, uyasimamishe mezani kwake yakiwa yamepangana, halafu mzungumze bei.