Usinitumie Linki Tisa

Barua za wasomaji, na majibu ya Mama Maktaba

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 24, nakaa Umoja na nauza kava za simu mjini. Nimekuwa shabiki wa BTS, lile kundi la waimbaji wa Korea Kusini, tangu nikiwa kidato cha pili. Kila Ijumaa jioni huwatumia marafiki zangu kwenye grupu yetu ya WhatsApp mambo mazuri niliyokutana nayo mtandaoni wiki hiyo: habari za mashabiki, za haki, na za afya ya akili, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuugua sonona. Mwanzoni walichangamka. Siku hizi naona tiki mbili za buluu, kisha kimya. Juzi mmoja akaniandikia, "Wewe umekuwa gazeti." Niache?
Gazeti wa Umoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimezihesabu zile ulizonibandikia chini ya barua kama mfano wa Ijumaa moja. Ni tisa, na mojawapo ni video ya dakika arobaini. Nani ana bando za hivyo mwezi ukiwa pabaya?

Nilikaa kaunta ya maktaba miaka 31, mingi yake huku Eastlands. Mtu akija kuniuliza kitabu kizuri, sikumwagia rafu nzima. Nilimpa kimoja, nikakifungua mahali, nikamwambia, "Anzia hapa ukiwa ndani ya matatu." Wengi walirudi kutafuta kingine. Siku nilizokuwa na haraka nikampa mtu vinne, vilirudi vinne havijafunguliwa, tena vimechelewa na faini juu. Kwa hiyo usiache, punguza. Linki moja kwa Ijumaa, na sentensi mbili zako mwenyewe: imekugusa wapi, na kwa nini unadhani itawafaa wao. Kama inamfaa mtu mmoja tu, mpelekee pembeni.

Tuzipitie hizo tisa. Ile ya dola milioni moja ningeanza nayo. Juni 2020, BTS na kampuni yao walitoa dola milioni moja kwa Black Lives Matter, vuguvugu la kupinga ubaguzi dhidi ya watu weusi kule Marekani, na mashabiki wakachanga milioni nyingine kwa muda wa siku moja hivi. Nakiri nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka. Nilidhani hao mashabiki kazi yao ni kupiga mayowe tu. Kisha nikasoma walivyofanya. Hakukuwa na tajiri mmoja aliyejificha nyuma. Kundi la mashabiki wanaojitolea, One In An ARMY, lilikuwa limeshazoea kukusanya vijisenti vya watu wengi kwa ajili ya mashirika madogo, na safari hii pia hesabu iliwekwa hadharani ikipanda. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama, na hapo nilielewa mara moja: ni harambee, tena yenye daftari. Waambie hivyo wenzako, na hata asiyejua wimbo mmoja wa Kikorea ataifungua.

Ile ya Zimbabwe iwekee Ijumaa yake peke yake. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na akina nyanya 14 huko Mbare, Harare. Walifundishwa kuketi na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, wamsikilize, wamsaidie kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Kumbe benchi hilo mwanzoni liliitwa la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Akina nyanya ndio waliosema jina libadilishwe, likawa benchi la urafiki, Friendship Bench. Nao hawakuzungumza Kizungu cha hospitali. Walitumia neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioketi na akina nyanya hao walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sasa wewe angalia linki zako: nne umeziandikia juu "AFYA YA AKILI" kwa herufi kubwa. Umeweka kile kibao kilichowakimbiza watu Harare. Huku kwetu mtu husema, "Mawazo yamenizidi." Anzia hapo.

Halafu umetuma hukumu nzima ya Mahakama Kuu, kurasa baada ya kurasa. Mimi niliisoma, lakini mimi nimestaafu. Wenzako waandikie hivi: zamani mtu akijaribu kujiua akanusurika, kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilimfanya mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Lakini tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi alisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Ndipo uweke linki ya hukumu, kwa atakayetaka kujionea. Kuna mtu kwenye grupu yako, au ndugu yake, ambaye habari hiyo itamwondolea jiwe kifuani. Ila usimtaje, wala usimtumie emoji ya kumkonyeza.

Nina kosa langu pia la kukusimulia. Juni 2024, wiki ile ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, nilikuwa nafurahia sana vijana wanavyoufafanua mtandaoni, mara kwa Sheng, mara kwa lugha za mama. Niliwatumia akina mama wa chama kila nilichokipata, nao walifurahi. Tarehe 25, jioni, nikafikiwa na video ya barabara iliyo karibu na Bunge, vijana wameanguka. Sikufikiri. Nilibonyeza tu, ikaenda. Mwenzetu mmoja, mwanawe alikuwa mjini na simu yake haishiki. Aliiangalia video hiyo mara nyingi usiku huo akitafuta shati la mwanawe. Kijana alirudi asubuhi kwa miguu, mzima. Yule mama hakunilaumu, lakini kwa miezi alikuwa akiacha simu sebuleni na kulala bila hiyo. Siku hizi nikiwa na jambo zito huandika kwanza: "Hii ina damu," au "Hii inazungumzia kujiua, usifungue ukiwa peke yako usiku." Kisha nasubiri mtu aniambie niitume. Wengine hawaniambii, basi inabaki kwangu.

Na sonona yako ikirudi, usiihudumie kwa kuwatafutia wengine linki. Msalaba Mwekundu wana laini ya 1199, haina malipo.

SWALI: Binti yangu ana miaka 16. Likizo hii nimemkuta saa saba usiku akiandika kwenye simu hadithi za mashujaa wa filamu, ambao hata hakuwatunga yeye. Ananiambia ana wasomaji Brazili na Ufilipino. Je, huu ni ugonjwa?
Baba, Kayole

JIBU: Kuandika si ugonjwa, mzee wangu. Saa saba usiku ndiyo ya kuzungumzwa.

Muulize anaziweka wapi. Akikujibu Archive of Our Own, ujue ni maktaba ya mashabiki iliyofunguliwa mwaka 2009, haina matangazo, inaendeshwa na watu wanaojitolea, na mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, kubwa katika fasihi ya kubuni ya sayansi. Kilichonivutia mimi, kwa ajili ya kazi yangu, ni vibandiko. Kila hadithi hubeba orodha ya yaliyomo, hata onyo la ukatili, na kuna watu kazi yao ni kuvipanga vibandiko hivyo vifanane. Sisi tulikuwa na wakutubi wawili na kabati la kadi! Lakini humo mna hadithi za watu wazima pia, kwa hiyo mwambie akuonyeshe anavyochagua. Usimpokonye simu ili umsome kwa siri. Mwombe akusomee ukurasa mmoja, na usicheke mahali asipotaka ucheke.

Ila akiacha kula, au akawakimbia marafiki, au hadithi zenyewe hazimfurahishi tena kwa wiki mbili na zaidi, mpeleke hospitali. Akitaka kuzungumza na mtu asiyemjua, 116 ni simu ya watoto, bure, usiku na mchana.

SWALI: Mama, mimi ni shabiki wa Arsenal. Tukifungwa silali, siongei na mke wangu, na Jumatatu kazi Gikomba hainiendei. Nimesoma mtandaoni kwamba hiyo ni sonona. Ni kweli?
Mwana wa Gikomba

JIBU: Ikifika Jumatano umeshaanza kubishana kuhusu mechi inayofuata? Basi ni mpira. Sonona haiangalii ratiba ya ligi. Ila mkeo hakucheza beki siku hiyo, kwa nini unamnunia? Ukiona hata wakishinda husikii chochote, niandikie tena haraka, na usinitumie video ya bao mlilofungwa. Nimetumiwa na wapwa zangu watatu tayari.