Usiingie wodini bila barua, mdogo wangu

Yaani umemaliza stashahada ya uuguzi, hospitali ya wilaya imekukubalia kwa mdomo tu ujitolee bure, na Jumatatu unaanza? Usianze.

Mimi nilianza hivyohivyo. Usiku mmoja muuguzi wa zamu alisindikiza mgonjwa wa rufaa, nikabaki na wodi nzima. Namtoa damu mgonjwa anayetapatapa, sindano ikanigeukia kidoleni. Dawa za kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, kadiri unavyowahi ndivyo bora, kisha unameza siku 28. Hizo nilipata, na kichefuchefu chake juu. Lakini homa ya ini B? Nayo huambukiza kwa sindano, na chanjo yake ni dozi tatu zinazochukua miezi sita kukamilika, nami sikuwa na hata moja. Na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Asubuhi naenda kuripoti, naambiwa "huyu si mtumishi wetu." Usiku kucha nilikuwa mtumishi, kumekucha nimekuwa mpita njia! Kwenye ratiba ya zamu nilikuwa naandikwa "volantia" tu, hata jina hakuna. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ajali inaripotiwa na mwajiri. Volantia mwajiri wake nani, malaika? Vipimo vya ini nililipia kwa hela ya kukopa kwa dada.

Na yule mwalimu wa chuo aliyetuaminisha kwamba ajira zikitoka wanaanza na waliopo wodini! Zilitoka, wakaja watu ambao sijawahi kuwaona. Mwenye nyumba nilimpelekea uzoefu, akasema hana sufuria ya kuupikia.

Dai barua. Yenye mhuri na saini ya mganga mfawidhi, jina lako kamili, idara, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani anakusimamia usiku, nani analipa ukiumia. Nauli pia iandikwe, usione aibu. Madaktari wa Kenya mwaka 2024 waligoma siku 56, na serikali ilipotaka kuwapa intani (madaktari wapya walio kwenye mafunzo kazini) shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi, walikuwa na mkataba wa 2017 wa kuishikia, unaotaja zaidi ya 200,000. Wewe utashika nini, "karibu sana" ya metroni?

Hayo mengine uliyouliza, ujitolee mjini au kijijini na namna ya kujaza maombi Ajira Portal (tovuti ya kuombea kazi serikalini), wakuu wengine watakujibu. Chanjo ya homa ya ini umeshachoma dozi ngapi?