Kijana alirudi nyumbani, msaada wa kodi ya nyumba ukapungua

Mei 2024 mwanangu wa kwanza alirudi nyumbani. Alikuwa na miaka 27. Nyumba aliyokuwa amepanga na wenzake iliuzwa, na mama gani atamwambia mwanawe akatafute pa kulala kwingine? Nilimtandikia kitanda chumba cha nyuma, nikapika pilau, nikamshukuru Mungu. Kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, haikunijia akilini kabisa.

Nina miaka 68, naishi London katika nyumba ya kupanga. Napata Pension Credit, msaada wa serikali kwa wazee wenye kipato kidogo, na kodi ya nyumba inalipwa na Housing Benefit ya kaunsili, hiyo tunayoiita hausing. Siku zote nilidhani hausing inaangalia kipato changu tu. Kumbe inamhesabu kila mtu mzima anayelala humo ndani. Mtoto akishafika miaka 18, na hulipwi tena Child Benefit (posho ya watoto) kwa ajili yake, wanachukulia kwamba ana uwezo wa kuchangia kodi, hivyo kila wiki wanapunguza kiasi fulani kwenye msaada wako. Wanapunguza hata kama mtoto hakupi kitu. Pengo hilo unalijaza wewe.

Agosti ikaja barua ikitaka uthibitisho wa mshahara wake. Nikaiweka juu ya friji. Kijana naye aliona haya kunionyesha slipu zake, maana kazi aliyopata ghalani ilikuwa ya saa 27 tu kwa wiki. Septemba ikaja ya pili: wamekata kiwango cha juu kabisa, pauni 124.55 kwa wiki, tangu wiki aliyohamia. Nikawa nadaiwa karibu pauni 2,000. Usiku ule sikupata usingizi.

Nilikwenda Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, na barua zote mbili, na dada aliyenihudumia akanifungua macho. Kwanza, wasipopewa ushahidi wa kipato huchukulia kiwango cha juu. Mwaka ule wa 2024/25, kwa mtu asiyefanya kazi, au anayefanya chini ya saa 16 kwa wiki, makato ya kawaida yalikuwa pauni 19.30. Akifanya saa 16 au zaidi, wanatazama mshahara kabla ya kodi ya serikali na makato mengine. Mwanangu alikuwa akipata kama pauni 309 kwa wiki, kwa hiyo kiwango chake kilikuwa pauni 60.95. Zaidi ya pauni 63 kila wiki zilikuwa zinapotea kwa sababu ya slipu ambazo hatukuzituma.

Pili, na hili nalisema kwa sauti kwa wazee wenzangu: ukiwa umefika umri wa pensheni kama mimi, mtoto mkubwa akihamia kwako, au mshahara wake ukipanda, makato hayo mapya hayaanzi siku hiyo. Yanaanza baada ya wiki 26. Mimi walinikata tangu siku ya kwanza. Tuliandika barua ya kupinga ndani ya mwezi mmoja, ambao ndio muda unaoruhusiwa, tukaambatanisha slipu. Deni lote likafutwa. Makato yakaanza Novemba, kwa kiwango chake halisi.

Lakini wiki 26 si ruhusa ya kunyamaza. Mabadiliko yaripoti ndani ya mwezi mmoja, na risiti au nakala ubaki nayo. Na tafadhali, usimfiche mtoto kwa kusema hakai kwako. Nimeona familia ikitaabika miaka kwa uongo wa namna hiyo, wakati makato yenyewe yangekuwa pauni 19.

Kuna wasiokatiwa. Mwanafunzi wa muda wote hukatiwi kwa ajili yake, ingawa mzazi ambaye hajafika umri wa pensheni aulize kuhusu likizo ndefu mtoto akifanya kazi. Aliye chini ya miaka 25, yuko kwenye Universal Credit (msaada wa serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo) na hana mshahara, naye hahesabiwi. Na kama wewe au mwenzi wako mnapata Attendance Allowance (posho ya wazee wanaohitaji kuhudumiwa), au PIP (posho ya wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu) ya mahitaji ya kila siku, au mmoja wenu ni kipofu, hakuna anayekatiwa, hata mkiwa na watoto watatu wenye kazi. Wazee wetu wangapi wanahitaji kusaidiwa kuoga na kuvaa, na hawajawahi kuomba Attendance Allowance kwa kuona aibu? Waombeeni. Haiangalii akiba wala kipato.

Wenye Universal Credit sheria yao ni nyingine: makato huanza mtoto akiwa na miaka 21, na ni kiasi kimoja kwa kila mtu, pauni 91.47 kwa mwezi mwaka ule wa 2024/25, apate mshahara mkubwa au mdogo. Huko kuwa mwanafunzi peke yake hakumwokoi. Msaada wa Council Tax, kodi ya kaunsili inayotozwa kila nyumba, nao huguswa na mtu mzima aliyeongezeka, na anayepata punguzo la asilimia 25 kwa kuishi peke yake huweza kulipoteza.

Kilichokuwa kigumu kwangu kuliko barua zote ni kumwomba mwanangu pesa. Kwetu mzazi hamtozi mwanawe kodi. Nilimkalisha jikoni usiku mmoja, nikamwekea barua mezani, nikamwambia: baba, sikutozi, hiki ndicho walichokata kwa ajili yako. Alisoma, akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, mbona hukuniambia tangu Agosti?" Tangu Novemba ananipa pauni 65 kila Ijumaa, kabla hajanunua chochote.

Februari walimwongeza saa kazini. Jioni ileile alinipa slipu mpya, na kesho yake tukaenda maktaba kuitoa nakala na kuipeleka kaunsili.