Maswali ya Wasomaji: Kibonzo cha Daktari Graham

SWALI: Nimenunua kibonzo cha zamani cha Dk. James Graham akivuka daraja la North Bridge katika upepo mkali, kazi ya John Kay, mwaka 1785. Nitajuaje kama kilichapwa mwaka huo kweli? Kina madoa ya kahawia. Naweza kutumia jiki? – Msomaji, Edinburgh

JIBU: Mwaka huo ni wa bamba lililochorwa, si wa karatasi iliyochapwa kwalo. Kay, kinyozi aliyegeuka mchoraji, alichora madaktari, mawakili na watu wa vituko wa Edinburgh kwenye mabamba ya shaba yaliyoliwa kwa asidi, akauza chapa zake dukani kwake Parliament Close. Graham alimfaa sana: aliacha masomo ya udaktari bila shahada, kisha akakodisha “kitanda cha mbinguni”, alichodai huwasaidia wenzi kupata watoto, huko London. Kay alifariki 1826, lakini mabamba yalibaki, na mchapishaji Hugh Paton akayachapa tena kitabuni mwaka 1837–38. Kwa hiyo hata chapa ya Paton imetoka kwenye shaba ya Kay mwenyewe.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona vitone vilivyopangwa kama wavu, hiyo ni nakala ya picha ya kamera, usiendelee. Chapa ya shaba ina mistari mizima ya wino, na karatasi imebonyea kuzunguka mchoro kwa umbo la bamba. Ubonyeo usipoonekana, huenda kingo zilikatwa.

Kisha chunguza vivuli vya nguo. Shaba ni laini, na kila bamba linapopanguswa wino, shaba yake hulika kidogo. Mistari myembamba hutangulia kufa. Vivuli vikiwa na mapengo ilhali mistari minene iko imara, bamba lilikuwa limechoka, yaani chapa yako huenda ni ya baadaye. Mulika pia karatasi: mistari sambamba iliyoachana kama sm 2.5 ni dalili ya karatasi ya mtindo wa kale, lakini haitoshi peke yake.

Jiki usiguse kabisa! Klorini hula nyuzi, na karatasi inayong’aa leo itakatikakatika baadaye. Pangusa vumbi kwa brashi laini, ukianzia katikati kwenda nje. Madoa yaache, pambana na unyevu: asilimia 45 hadi 55 hewani. Kwenye fremu tumia kadi isiyo na asidi, na ushikize kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, upande wa juu tu. Ukibana pande zote, karatasi itajikunja hewa ikibadilika.