Jukwaa au makundi ya WhatsApp ukiwa ugenini?

Ndugu yangu, umeuliza kama uachane na majukwaa ya mijadala ya mtandaoni ubaki na makundi ya WhatsApp na Facebook tu, kwa kuwa huko hujibiwa haraka. Tafadhali usiyaache.

Kwa mambo ya kibali cha ukaazi, kodi, bima ya afya au kutambuliwa kwa vyeti, haraka si kigezo. Jukwaani jibu hubaki na tarehe yake, na chini yake utawakuta waliolipinga au kulisahihisha. Kundi la WhatsApp laweza kuwa na watu hadi 1,024. Jibu zuri la asubuhi hufunikwa na salamu na matangazo kabla ya jioni. Ila hata jukwaani tazama tarehe ya jibu, maana sheria za uhamiaji hubadilika, kisha uhakikishe kwenye tovuti rasmi ya idara husika.

Makundi yatumie kupata watu: wa kukusindikiza hospitali, wa kukutana naye wikendi. Upweke wa ugenini ni mzito, usiupuuze. Lakini usimtumie yeyote humo picha ya pasipoti yako, wala amana ya chumba ambacho hujakiona, hata kama mnaongea lugha moja.